Unaanza Golf Clash? Usizimalizie koini kwenye draiva

Natoa jibu kabisa hapa mwanzo ili mwenye haraka aende zake: kama bado mgeni kwenye Golf Clash, ule mchezo wa gofu wa kwenye simu, koini zako peleka kwenye fimbo fupi za kukaribia shimo, yani weji na ayani fupi, draiva ile ya kupigia mbali itasubiri. Wenye mda tuendelee.

Mimi ni wakala, kibanda changu kipo Chikongola hapa Mtwara, na mbele yangu kuna kijiwe cha boda. Sasa hawa wadogo zangu wakikosa abiria wote wapo kwenye gofu, alafu kila aliyepata koini anakuja dirishani "da'mkubwa, nipandishe ipi?" na kabla sijafungua mdomo kashabonyeza draiva. Gofu ya kweli hakuna kati yetu aliyewahi kuishika, tunaionaga kwenye taarifa ya habari wakionyesha mashindano ya Lugalo basi, lakini kwenye simu bwana kila mtu profesa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, mnakutana watu wawili kwenye shimo moja, kila mtu kalipa kiingilio cha koini, atakayemaliza kwa mipigo michache anabeba zote. Mkilingana kila mmoja anapewa mpigo mmoja wa ziada na aliyeuweka mpira karibu zaidi na shimo ndo kashinda. Fimbo zipo makundi saba: draiva, vudi, ayani ndefu, ayani fupi, weji, ya majani marefu na ya mchanga. Ile ya kusukumia mpira shimoni haipandishwi levo kwaiyo isikuumize kichwa. Kwenye gofu ya uwanjani sheria inamruhusu mchezaji kubeba mpaka fimbo 14, huku unaingia na moja tu kwa kila kundi, hata kama una nne zimekaa begini zinakuangalia.

Kupandisha levo kunataka vitu viwili, kadi za fimbo hiyohiyo ambazo unazipata kwenye maboksi ukishinda, na koini. Na koini hizo ndo hizohizo za kiingilio. Hapa ndo watu wanaumia, maana ukizimwaga zote kwenye fimbo leo, kesho huna cha kuingilia, unarudi kucheza ligi za chini ambako boksi lake linakupa kadi za fimbo za mwanzomwanzo tu. Kila levo inayofuata inadai koini nyingi kuliko iliyopita, kwaiyo kabla ya kubonyeza jiulize baada ya hapa nabaki na kiingilio cha mechi ngapi? Mimi wadogo zangu nimewawekea kwamba chini ya mechi tano usiguse, maana kufungwa mfululizo kupo, tena kupo sana.

Haya, kwa nini fimbo fupi. Angalia shimo la par 4, yani linalotarajiwa kumalizwa kwa mipigo minne. Mpigo wa kwanza draiva, wa pili ayani au weji, unatafuta kumalizia na wa tatu. Draiva yako ikiwa fupi kuliko ya mwenzako kwa yadi 20 unapoteza nini? Mara nyingi hakuna, unabadilisha fimbo tu kwenye mpigo wa pili, yeye anapiga weji wewe unapiga ayani fupi. Lakini huo mpigo wa pili ukienda pembeni yadi tano, sita, mwenzako yupo jirani na bendera wewe unasukuma mpira kutoka huko kwenye mteremko, imekwisha hiyo. Alafu mashimo mengi ya mgeni ni par 3, draiva huigusi kabisa! Na ule mpigo wa ziada mkilingana nao ni wa kukaribia shimo, sio wa kwenda mbali. Yani fimbo fupi zinakufaa karibu kila mechi, draiva inakufaa baadhi ya mechi, na koini zako ni chache. Sioni kwa nini tunabishana.

Tunabishana kwa sababu draiva inaleta raha, najua. Mpira unapaa, unaruka mto, kijiwe kizima kinapiga kelele. Weji haijawahi kupigiwa kelele na mtu.

Kitu cha pili ni kusoma zile namba za fimbo, maana wengi macho yanaishia kwenye nguvu. Zipo sita: nguvu, usahihi, spini ya mbele, spini ya nyuma, kukunja, na mstari wa kuongoza mpira. Huo mstari ndo wa kwanza kuutazama kwa mgeni, na ndo unaodharauliwa kuliko zote. Unapolenga unaona njia ambayo mpira utapita mpaka utakapodunda, sasa namba yake ikiwa kubwa unaonyeshwa na baada ya kudunda unaelekea wapi, ikiwa ndogo unaona pa kudondokea tu, huko mbele ni wewe na Mungu wako. Mtu mwenye uzoefu anaweza kukisia mdundo kwa kichwa, wewe wiki hii umeanza huwezi, kwaiyo lipia macho kwanza.

Usahihi nao una kazi mbili. Ya kwanza ni kwamba ile sindano inayopita huku na huku wakati wa kupiga, ukikosa kuiachia katikati kidogo mpira haukimbii sana njia. Ya pili wengi hawaijui: ile shabaha ya miduara unayoiburuta ardhini inabana kadiri usahihi unavyopanda, na miduara ndo kipimo cha upepo. Upepo unavuma kushoto, wewe unasogeza shabaha kulia miduara kadhaa kulingana na ukali wake. Miduara ikiwa minene unasogeza kwa kubahatisha, ikiwa myembamba unapima vizuri. Mtu aliyekulia huku, anayejua kusi likichachamaa mashua inaelekezwa wapi ili ifike Msangamkuu, hilo la kusogeza shabaha kinyume na upepo halimpi tabu, kinachompa tabu ni kipimo. Na ukibadilisha fimbo kipimo kinabadilika, ukishazoea ayani fupi yako ya Apache ukahamia nyingine usitegemee miduara ileile ikupe jibu lilelile.

Spini ya nyuma ni nzuri kwenye grini (yale majani mafupi yenye shimo) fupi ambayo bendera ipo mbele, mpira unadunda unarudi. Spini ya mbele unaitaka kwenye fimbo ndefu ili mpira ukitua uendelee kukimbia. Kukunja ni kwa kuzunguka miti, mgeni aiache kwanza.

Alafu kuna jambo, levo moja haipandishi namba zote. Levo hii inaweza kukuongezea nguvu na spini, mstari ukabaki palepale, inayofuata ndo mstari ukaruka. Ukiifungua fimbo kabla ya kulipa unaonyeshwa nini kitaongezeka, soma! Nawaona wanabonyeza kama wanaua mbu.

Kosa la kugawa kidogokidogo nalo limejaa. Kijana ana Dart, ana Firefly, ana Boomerang, zote weji, zote kazipandisha levo moja moja "ili zisilale". Mechi inatumia moja! Ni kama mtu ana mfuko mmoja wa dawa ya salfa akaupuliza kiduchu kiduchu shamba zima la mikorosho, mwisho wa siku ugonjwa wa ubwiriunga unampitia mti hadi mti na salfa imeisha. Chagua fimbo moja kwa kila kundi, hiyo ndo ya kulishwa, zingine ziache zikusanye kadi bure, kadi haziozi.

Kuchagua ipi sasa, mi mgeni namshauri abaki na zile ambazo kadi zake zinamiminika. Kwenye draiva Extra Mile inatosha kwa mda mrefu. Ayani fupi hata Apache ya kuanzia unaweza kwenda nayo huku unavizia Kingfisher. Weji, anza na Dart, Firefly zikija za kutosha linganisha mstari na usahihi ndo uhame. Utadondokewa na kadi ya fimbo ya maana, Apocalypse au Cataclysm, kijiwe kizima kitakusifia, lakini kadi moja ya fimbo adimu inakaa levo ya kwanza miezi na miezi kwa sababu wenzake hawaji. Fimbo ya kawaida iliyolishwa inaipita fimbo ya kifahari yenye njaa, mara nyingi tu. Linganisha namba, jina achana nalo.

Fimbo ya majani marefu na ya mchanga hapa natofautiana na wengi. Wanasema zipandishe sawa na zingine kwa sababu huko utadondokea tu. Sawa, ila ukiwa na weji na ayani nzuri unadondokea huko mara chache, kwaiyo hela ileile inafanya kazi mbili. Ya majani marefu ipe levo mbili tatu, Roughcutter hainaga shida, maana majani yanakula nguvu ya mpigo na unaweza kubaki njiani. Ya mchanga iwe ya mwisho kabisa, yani baada ya vudi.

Draiva inapanda lini? Ukifika ligi ambazo unaona wapinzani wanavuka maji kwa mpigo mmoja na wewe unazunguka, au par 5 wanafika grini na wa pili wewe wa tatu. Hapo sasa umbali unageuka mpigo mzima, lipia. Kabla ya hapo unalipia kelele.

Kununua kwa hela taslimu, siwezi kumkataza mtu hela yake, na mimi wakala naishi kwa miamala jamani. Ila ujue mwaka 2021 EA walikubali kuinunua kampuni iliyotengeneza huu mchezo, Playdemic ya Uingereza, kwa dola bilioni 1.4, kwaiyo lile duka linalokuwakia taa kila ukifungua linajua kazi yake. Kwa mgeni hakuna kinachouzwa mle ambacho maboksi hayatakupa ukivumilia. Maboksi yenyewe yana nafasi nne na linafunguka moja moja kwa masaa, kwaiyo la dhahabu au lolote la masaa mengi liweke likifunguka ukiwa umelala, mchana fungua yale madogo. Na bando la usiku ukiwa nalo usichezee mechi mtandao ukiyumba, zamu yako inapita hivihivi.

Mipira spesho, ile inayopunguza upepo au kuongeza nguvu, inaisha ukiitumia, ule wa kawaida hauishi. Ligi za chini piga na wa kawaida, mingine iweke kwa ajili ya mashindano ya wikiendi.

Mwisho, ingia klani, yani kikundi cha wachezaji humo kwenye mchezo. Unaruhusiwa kuomba kadi na wenzako wakakuchangia, na anayechangia naye analipwa koini, hakuna anayepata hasara. Omba za weji yako au ayani fupi, fimbo ileile moja kila ukipata nafasi ya kuomba. Ya kijiwe chetu ipo, ukija kutoa hela niulize jina lake. Ila ukiingia tu ukaomba kadi za draiva, mimi sichangii.