Ufunguo wa kabati la vishikwambi

Vishikwambi vyetu vilifika shuleni vikiwa vimeshatumika kwenye Sensa ya 2022. Vilikuwa 9, kimoja kwa kila mwalimu. Nikaviingiza kwenye leja, nikasaini, kisha nikafanya jambo ambalo leo nikilikumbuka najicheka: nikawaambia walimu wavirudishe ofisini, nikavifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Hilo nililiita usalama. Kusema kweli nilikuwa naogopa mkaguzi. Huku kwetu vijijini Singida mali ya serikali ikipotea shuleni, wa kwanza kuulizwa ni mwalimu mkuu.

Aliyetaka kukitumia alikuja kujiandikisha kwenye daftari: jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha. Baada ya miezi mitatu daftari lilikuwa na majina mawili, na moja lilikuwa langu. Halafu mimi huyohuyo nikawa namlalamikia Afisa Elimu Kata kwamba walimu wangu hawapendi teknolojia!

Aliyenizindua ni Madam wa Darasa la Pili, aliyebakiza miaka minne kustaafu. Nilimkuta mjini kwenye stesheneri, anamlipa kijana shilingi 5,000 amwingizie alama za wanafunzi kwenye kompyuta.

"Madam, si una kishikwambi?"

"Mkuu, kiko kwako kabatini. Na hata ukinipa, kikinidondoka si nitakatwa mshahara?"

Nikaishia kununua kalamu nisiyoihitaji.

Kesho yake nikaitisha kikao, nikauweka ufunguo mezani. Nikasema kila mmoja achukue chake na aende nacho nyumbani. Kikiharibika akiwa kazini, taarifa nitaandika mimi na maelezo nitatoa mimi. Tukaliandika kwenye muhtasari, wote tukasaini. Ahadi ya mkuu isiyo na muhtasari walimu wanaijua mwisho wake.

La pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilinihusu mwenyewe. Sikuijua Ekseli, ile programu ya kupanga alama kwenye jedwali. Matokeo ya mtihani wa utamilifu wa Darasa la Saba, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, tulikuwa tunayapanga kwa kikokotoo na karatasi za manila, mpaka taa ya sola inafifia. Siku ya jumuiya ya kujifunza, ile ya mafunzo kazini ya MEWAKA, nikamwomba mwalimu wa kujitolea, mdogo kuliko sote pale ofisini, atufundishe. Nikakaa mbele. Dakika ya kumi nikafuta safu nzima ya Hisabati. Ofisi ikaangua kicheko. Kijana akanionyesha kamshale ka kurudi nyuma, alama zikarudi zote. Wenzangu wakaanza kuuliza maswali ambayo nadhani walikuwa wameyameza muda mrefu. Mkuu ameshaonekana hajui, nani mwingine aone haya?

Mtandao kwetu unapatikana chini ya mbuyu wa barabarani, tena kwa kubahatisha. Kwa hiyo anayekwenda mjini hupakua vitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, akirudi anawarushia wenzake kwa blututhi. Kundi la WhatsApp nalo nililivuruga mwenyewe kwa kutuma maagizo saa nne usiku. Zikawa tiki za bluu tu, jibu hakuna. Sasa baada ya magharibi situmi kitu, na ubao wa matangazo haujaondoka ukutani.

Lakini matumizi bora kuliko yote hayakuhitaji bando. Aliyabuni Madam yuleyule. Ana watoto 78 na kishikwambi kimoja, akaona hawezi kuwaonyesha wote picha. Akawarekodi wakisoma, mmoja mmoja, sentensi tatu tatu. Nilikuwa nimekaa nyuma darasani siku aliyomsikilizisha binti mmoja sauti yake: "Ba-ba a-na-li-ma... sha-mba." Mtoto akatoa macho. "Madam, huyu siyo mimi." Akasikiliza tena, akajisikia anavyoruka mstari wa pili, akauliza kama anaweza kurudia. Darasa la watoto 78 kimya, kila mmoja anangoja zamu yake. Sikumbuki lini niliona foleni ya watoto wanaotaka kusahihishwa.

Kwenye mkutano wa wazazi baada ya mavuno ya alizeti tukawasikilizisha sauti mbili za mtoto mmoja, ya Februari na ya Juni, kwa idhini ya baba yake. Mzee hakusema neno, alivua kofia tu.

Mwezi uliofuata kishikwambi cha Madam kikadondoka kwenye sakafu ya saruji. Alikuja ofisini kakishika kwa mikono miwili, kimefungwa kwenye khanga. Nikachukua karatasi, nikaandika taarifa kama nilivyoahidi, nakala iko kwenye faili. Kioo kimeshikwa na selotepu. Anaendelea kurekodia, anasema kuona hakioni vizuri, ila kusikia kinasikia.