Meza ya kuchomelea isiyopinda

Geti, reli ya ngazi, rafu ya vifaa, fremu ya trela: kazi nyingi wanazoonyeshana mafundi wa karakana na wale wanaochomelea jioni kwa kupenda tu hupimwa na kushikizwa juu ya meza. Meza ikiwa na mbonyeo wa milimita tatu, geti nalo litatoka na mbonyeo huo. Ndiyo maana naiona meza kuwa kazi ya kwanza inayostahili kufanywa kwa utulivu. Tuitazame hatua kwa hatua, na zaidi ile sehemu ambayo wengi huipita mbio: mshono upi utangulie na upi usubiri.

Uso wa meza hii ni bamba la unene wa milimita 8, urefu 1200 na upana 600. Bamba hilo peke yake lina uzito wa kilo 45 hivi, kwa hiyo tafuta mtu wa pili wa kulibeba. Chini yake inakaa fremu ya skwea paipu ya 50 kwa 50, ukuta milimita 3, vipimo vya nje 1100 kwa 500. Bamba linazidi fremu kwa milimita 50 kila upande, na ziada hiyo ndiyo inayoshikwa na klampu. Fremu ikifika hadi ukingoni, klampu haina pa kung'ata.

Mapande ni haya: mawili ya 1100 na mawili ya 500, ncha zake zimekatwa nyuzi 45 na kupimwa kwenye upande mrefu, mawili ya 400 ya kupita katikati ya fremu, miguu minne ya 800, kisha chini, mawili ya 400 ya kuunganisha miguu kwa upana na moja la 1000 la kuunganisha hayo mawili, yakafanya umbo la H. Umbo hilo linaacha mbele wazi, mguu wa fundi hausumbuki. Jumla ni mita 9, paipu mbili za mita 6 zinatosha. Toa kwenye ya kwanza 1100 mbili, 1000 moja na 800 tatu. Mengine yote yanatoka kwenye ya pili, na kinabaki kipande cha zaidi ya mita mbili. Usikitupe. Hicho ndicho cha kupimia ampea kabla ya kugusa kazi yenyewe.

Bamba na paipu huja na gamba jeusi la kiwandani, au mafuta, au vyote viwili. Saga kwa grenda milimita 25 kila upande wa kila mshono mpaka chuma king'ae, na usage pia pale klampu ya athi, ile ya waya unaorudisha umeme kwenye mashine, itakaposhika. Athi iliyobanwa juu ya gamba au rangi hufanya tao, yaani mwali wa umeme unaoyeyusha chuma, lirukeruke, na fundi huishia kuilaumu mashine. Ukitaka kuondoa mafuta, tumia asetoni na uiache ikauke kabisa. Usitumie kamwe dawa ya kusafishia breki yenye klorini: joto na mwanga wa tao huigeuza kuwa gesi ya fosijini, ambayo hata kidogo chake huharibu mapafu.

Sasa kuhusu joto. Chuma laini hurefuka takriban milimita 1.2 kwa kila mita kikipanda nyuzi 100 za Selsiasi. Chuma kikitanuka chote na kupoa chote, hakuna taabu. Taabu ni kwamba mshono unapasha sehemu nyembamba tu, huku chuma baridi kinachoizunguka kikiizuia isitanuke. Sehemu ile ya moto, ikiwa laini, inajibana yenyewe na kuwa nene kidogo. Ikipoa inasinyaa kutoka hapo, na sasa ni fupi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Matokeo yake, kazi huvutwa kuelekea upande wenye mshono. Klampu hupunguza mvuto huo lakini haziumalizi. Kinachousawazisha ni mshono mwingine wenye nguvu sawa upande wa pili. Kila hatua inayofuata inatokana na jambo hilo.

Sakafu ya zege si uso wa kuaminika. Laza bamba lenyewe sakafuni, upande mzuri chini, ulikingie vipande vyembamba vya bati mpaka rula ndefu ya chuma isionyeshe mwanga popote, kisha ijenge fremu juu ya mgongo wa bamba hilo. Kabla ya kuipanga, chonga kingo za paipu kwenye pembe kwa milimita 1.5 hivi, kwa sababu mishono ya juu na ya chini itasagwa iwe sawa na paipu, na mshono uliosagwa bila kuchongewa hubaki utando tu. Acha mwanya wa milimita 1 kati ya mapande. Ukizidi 1.5, ukuta wa milimita 3 unaanza kutoboka.

Bana fremu kwa klampu juu ya bamba. Piga doti moja, yaani mshono mfupi wa kushikiza tu, kwenye kona ya nje ya kila pembe, kisha pima ulalo, kutoka kona hadi kona iliyo mkabala: zote mbili ziwe milimita 1208. Tofauti ya milimita 1 inakubalika. Ikizidi, vuta ulalo mrefu kwa klampu ndefu kabla ya kupiga doti za ndani, kwa kuwa baada ya hapo utalazimika kukata. Kisha ongeza yale mapande mawili ya katikati.

Anza kuchomelea kona za nje: pembe ya kwanza, halafu iliyo mkabala nayo kwa ulalo, halafu mbili zilizobaki. Mshono wa kona ya nje ukisinyaa hupanua pembe, na ule wa ndani huifunga. Ukimaliza za nje zote, rudi kwenye za ndani kwa mpangilio uleule, na pembe itarudi kwenye nyuzi 90. Anayechomelea pembe moja pande zote nne kwa mkupuo huona ulalo umetofautiana kwa milimita tatu au nne kufikia pembe ya mwisho. Elektrodi, ile fimbo ya kuchomelea, ya aina ya E6013 ya milimita 2.5 inafaa hapa, ampea 75 hadi 85 ukiwa umelaza, na upunguze kama ampea 10 kwa mishono ya wima. Panda kutoka chini kwenda juu. Ukishuka, slagi, yaani taka za dawa ya elektrodi iliyoyeyuka, hutangulia mbele ya chuma kilichoyeyuka na kufukiwa ndani ya mshono.

Maliza nyuso za juu, geuza fremu, maliza za upande wa pili, saga zote ziwe sawa. Miguu itakaa juu ya pembe hizo, na kivimbe cha milimita 1 chini ya mguu kinatosha kuuinamisha.

Miguu ndiyo inayowashinda wengi. Mguu wa 800 ukikosea nyuzi 1 tu, ncha yake imehama milimita 14. Fremu ikiwa imepinduliwa juu ya bamba, simamisha mguu kwa guni, kile kipimo cha nyuzi 90, piga doti moja, na usubiri sekunde kadhaa: doti ikipoa mguu utaegemea upande wake. Ugonge urudi, pima tena pande mbili, ndipo upige doti ya pili mkabala. Miguu yote ikisimama, funga kwa doti zile paipu za H, milimita 150 kutoka ncha ya mguu, kabla ya kuchomelea mguu wowote kikamilifu. H hiyo ndiyo inayoizuia miguu isivutwe. Kisha chomelea upande mmoja wa mguu, hamia mguu mwingine, rudi upande ulio mkabala.

Paipu za H zimezibwa ncha zote mbili. Toboa tundu la milimita 4 chini ya kila moja kabla ya mshono wa mwisho. Bila tundu, hewa iliyopata moto ndani hutafuta njia kupitia chuma kilichoyeyuka, na mshono wako wa kufunga unabaki na kitundu ambacho kila ukikijaza kinafumuka tena. Wengi huongeza ampea hapo, na hali inazidi kuwa mbaya.

Nyayo: kipande cha 50 kwa 50 cha unene wa milimita 6, tundu la milimita 17, nati ya M16 upande wa ndani, bolti ya M16 kwa 60 kutoka chini. Tumia nati nyeusi isiyopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, mapema kabisa kabla chuma hakijayeyuka, ikaacha mshono wenye vitundu, na moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku uleule. Hii inahusu pia paipu za mabati: ondoa zinki kwanza, fungua madirisha, uelekee upande ambao moshi haukufuati.

Bamba lenyewe usilizungushie mshono mzima. Mshono ulio chini ya bamba huvuta kingo zake kuelekea chini, na uso unakuwa na mgongo juu ya paipu. Vipande vya milimita 30 kila baada ya 200 vinatosha, ukianzia katikati ya upande mrefu na kuhamia upande wa pili kila mara. Hapa naipendelea elektrodi ya E7018 ya milimita 3.2, ampea 110 hadi 120, mkondo wa DC na elektrodi kwenye chanya, tao likielekezwa zaidi kwenye bamba kwa sababu ndilo nene na ndilo linalomeza joto. Elektrodi hiyo iwe kavu. Iliyokaa nje ya joko la kukaushia saa nyingi hubeba unyevu, na haidrojeni inayotoka humo hupasua mshono baada ya kupoa.

Wanaotumia mashine ya waya watapata kazi hii nyepesi kwa waya wa 0.8 na mchanganyiko wa agoni asilimia 75 na kaboni dayoksaidi 25, gesi lita 10 hadi 15 kwa dakika. Wa waya wenye dawa ndani, usiotumia gesi, wakague polariti, yaani waya upi umeunganishwa kwenye chanya na upi kwenye hasi: waya mwingi wa aina hiyo hutaka bunduki iwe kwenye hasi. Mashine ikiwa bado imeunganishwa kwa ajili ya gesi, cheche hutapakaa kila mahali na mshono unakaa juu juu.

Meza ikisimama, isawazishe kwa pimamaji kupitia bolti za nyayo, ufunge nati za kukazia. Paka rangi miguu na fremu. Uso wa bamba uache bila rangi ili athi ishike popote, na uupanguse kwa mafuta mepesi kila jioni. Asubuhi uyafute kabisa kabla ya kuwasha tao.