Nilivyorudisha vikundi vya kusikiliza redio kwa wakulima wa mwani

Nimefundisha mawasiliano ya umma chuoni kwa miaka mingi, na kazi ninayoithamini kuliko makala zote nilizochapisha ni ile niliyoifanya nje ya chuo, ya vikundi vya kusikiliza redio miongoni mwa wanawake wanaolima mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja. Naieleza hapa kwa ajili ya wanataaluma wenzangu wanaokusudia kazi kama hii na hawajui waanzie wapi.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kwa miaka mingi sasa kotonii, aina yenye bei nzuri, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi: ncha zake hugeuka nyeupe, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji. Wengi wamebaki na spinosamu, ambayo huvumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Wanasayansi wa bahari wameandika mengi kuhusu maradhi hayo, ila maandishi yao yamo katika majarida ya Kiingereza ambayo mkulima hayaoni kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na kazi ya mtu wa fani yangu.

Njia niliyoitumia si mpya. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kando ya nyumba zao. Inanisikitisha kwamba wanafunzi wetu husomeshwa kwa kirefu nadharia zilizotungwa ughaibuni, na kampeni hii kubwa ya nyumbani hupitiwa kwa haraka. Niliuchukua mpangilio wake, nikaongeza jambo moja nililoliona la lazima, nalo ni kwamba sauti itoke pia kikundini kwenda studio.

Nilianza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile, kama inavyostahiki, naye akanipeleka kwa mama mmoja mtu mzima ambaye wakulima wenzake humsikiliza. Baada ya kumshika mkono na kumwamkia, nilimuuliza kipindi kiwekwe saa ngapi, maana redio ya jamii ilikuwa imetuachia tuchague. Alinijibu, "Mwanangu, wakati wa bamvua saa nne asubuhi maji yamekupwa na sisi sote tuko shamba. Tuwekee baada ya isha, watu wamekaa." Kwa hiyo kipindi kikaenda hewani usiku, na mikutano ya kurekodi maswali tukaipanga siku za maji mafu, ambapo shamba halifikiki vizuri na wakulima wana nafasi ya kukaa kitako.

Kila kikundi kilikuwa na redio moja, kinasa sauti kimoja, na katibu, mara nyingi binti aliyemaliza kidato cha nne. Maswali yalipelekwa studio kama yalivyosemwa, na mtafiti aliyealikwa alilazimika kumsikiliza muulizaji hadi mwisho kabla ya kujibu. Sharti hilo nililisimamia kwa ukali, kwa sababu swali likishafupishwa na mtangazaji hupoteza kile mkulima alichokiona kwa macho yake. Mama mmoja aliyeshika shada la kotonii lililopauka ncha alisema hivi: "Kaskazi ikikolea mwani unaungua, nakubali ni joto. Mbona na masika unaungua, na maji ni baridi?" Mtafiti alieleza kwamba mvua nyingi hupunguza chumvi katika maji ya kina kifupi, na kwamba mwani uliodhoofishwa, iwe na joto au na upungufu wa chumvi, hushambuliwa kwa urahisi na bakteria.

Jibu hilo ndilo lililozaa mjadala mzito kuliko yote, wa kuhamishia kotonii kwenye maji ya kina kirefu. Kitaalamu ushauri huo ni sahihi, lakini vyombo vya baharini ni vya wanaume na wanawake wengi hawajui kuogelea. Kikundi kilirekodi msimamo wake: mafunzo yoyote ya kilimo hicho yaanze na kuogelea, na mwalimu awe mwanamke. Tulilitangaza hilo bila kulipunguza, na wataalamu walioandaa mafunzo wakalikubali.

Chuoni kazi hii haihesabiwi vizuri mtu anapoomba kupanda cheo, na naona hilo ni kosa linalopaswa kurekebishwa. Hata hivyo wanafunzi wangu sasa huja kwa zamu kuhariri vipindi, na mada huchaguliwa na vikundi vyenyewe. Safari hii wamechagua bei. Wakala wa mnunuzi amekubali kuja studio, akaomba aletewe maswali mapema; wakulima wamekaa, wamejadiliana, na wamempelekea yote, wakitanguliza lile la mizani.