Mkaguzi wangu wa vitabu vya picha ana miaka mitano

Kila aliyesikia natafuta vitabu vya picha vya chekechea yetu hapa Mbagala, Dar es Salaam, alikuwa na ushauri, na karibu wote ulikuwa ule ule: chukua vya Kiingereza, vya A-B-C, watoto wazoee mapema. Mwenye steshenari alisema hivyo. Mzazi mmoja ambaye ada yake tunaidai hadi likizo alisema hivyo kwa sauti kuliko wote.

Basi hela ya kwanza ikaenda huko. Vitabu vinang'aa, kila ukurasa herufi na kitu chake. Tufaha limekaa. Mpira umekaa. Kwenye X kuna zailofoni, ala ya muziki ya vibao vya kugonga, na mimi ndiye wa kuwaeleza watoto zailofoni ni nini. Nikapanga chupa za soda mezani, nikazitia maji, hii nyingi hii kidogo, nikagonga kwa kijiko. Darasa likapagawa! Tuligonga chupa hadi muda wa uji, kitabu kiko pale pale wazi, hakuna anayekitazama, maana humo hakuna kinachotokea. Ukiuruka ukurasa wa pili hujakosa kitu. Wakakariri, wakaimba, wakakisahau.

Nikaachana na watu wazima. Nikamchukua mtoto wa dada yangu, miaka mitano, anayejua herufi za jina lake tu, tukaenda Posta kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza kando ya barabara. Kazi yake ukaguzi. Yangu kuziba maandishi kwa kiganja na kufunga mdomo.

Cha kwanza kilikuwa kizuri mno: rangi za maji, theluji imetanda, jaladani nembo ya tuzo. Mimi nilishakipenda. Yeye akakifunua chote kimya, akakirudisha. Kisha akaokota kimoja kilichochakaa, mbuzi anakula nguo zilizoanikwa. Ukurasa wa pili tu: "Mama mdogo, amekula soksi!" Wa tatu: "Sasa anaenda kwenye shati, ona jicho lake!" Kweli, mchoraji alikuwa amelielekeza jicho la mbuzi pembeni, kwenye mkono wa shati unaochungulia ukingoni mwa ukurasa. Mimi sikuwa nimeuona. Muuzaji naye akainama: "Funua basi, dogo." Tangu siku ile ndicho ninachokitafuta, picha inayomfanya mtoto abashiri kabla hujafunua.

Ila muuzaji si mjinga. Alipoona mtoto kakikumbatia, cha buku mbili kikawa cha elfu tano. "Dada, hiki orijino." Nililipa. Siku hizi naelewana bei ya rundo zima kwanza, ndipo mkaguzi anaruhusiwa kugusa.

Vya Kiingereza vyenye picha nzuri sivitupi. Nakata vipande vya karatasi nyeupe, nabandika juu ya maandishi, naandika Kiswahili changu kutokana na ninachokiona pichani, sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Lazima pawe na kibwagizo. Cha mbuzi nimekitia "Mbuzi wa nani huyu?" na darasa zima linaitikia "Si wetu!" hadi majirani wanasikia. Mtoto aliyekulia kwenye "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" humkalishi kimya mwanzo hadi mwisho, na sioni kwa nini umkalishe.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kitabu cha kumsomea mtoto mmoja mapajani si cha kusomea darasa. Kisimamishe kwenye kiti, rudi nyuma hadi anapokaa wa mwisho kwenye mkeka. Vijipicha vidogo vidogo vilivyorundikwa ukurasa mmoja havionekani kabisa. Na chungulia mgongo. Vilivyobanwa kwa pini katikati vinalala wazi vizuri. Vya gundi hafifu utaviokota karatasi moja moja.

Vipya vya Kiswahili navipata duka la vitabu la TPH, barabara ya Samora, vikiwemo vya wachapishaji Mkuki na Nyota. Bei si ya mitumba, kwa hiyo nanunua kimoja kimoja mshahara ukiruhusu.

Kisha kuna vya bure. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza kuweka hadithi mtandaoni mwaka 2014, una za Kiswahili tele, na leseni yake ni ya wazi, unachapisha bila kuomba ruhusa. Hadithi zimepangwa kwa ngazi 5, na hapa tena washauri wakanijia: watoto ni wadogo, chukua ngazi ya maneno ya kwanza. Jamani, anayesoma ni mimi! Picha zikibeba hadithi, napanda ngazi za juu bila wasiwasi. Cha kubana matumizi ni idadi ya nakala, si rangi. Nilichapisha kimoja kwa wino mweusi peke yake, chui akawa doa, wakaniuliza kama ni jiwe. Sasa natoa nakala moja ya rangi kwenye karatasi nzito, basi.

Rafu yetu bado ina pengo moja. Theluji ninayo ya kutosha kuizika Mbagala, lakini kitabu cha mvua ya masika, maji yameingia uani na kandambili zinaelea, sijakiona popote. Siku nikikikuta, mkaguzi atakikumbatia mbele ya muuzaji na nitalipa bei yoyote.