Miche ya Aprili

Mwaka juzi mwezi wa Aprili nilimpelekea dada yangu miche 60 ya migrevilea. Ameolewa Chamwino, mkoani Dodoma, na kila akija kwetu Lushoto hawezi kuondoka bila kusifia kivuli. Niliifunga kwenye maboksi, nikaipakia kwenye basi, nikarudi shambani nikiwa na amani moyoni. Kwetu Aprili ni masika yenyewe, mwezi wa kupanda. Septemba akanipigia simu: umebaki mmoja, na huo nao mbuzi wameshauonja.

Lile jambo liliniuma. Agosti mwaka huu nikafunga safari nikaone kwa macho yangu, kisha nisogee hadi Shinyanga kwa rafiki yangu wa siku nyingi.

Tuliteremka kona za kwenda Mombo alfajiri, ukungu bado umelalia miraba. Kwa asiyeijua: ni vipande vya shamba vilivyozungushiwa mistari ya majani, guatemala au matembo, kukatisha mteremko. Mvua ikija kwa hasira, kama ijavyo siku hizi, majani yanaushika udongo usiishie bondeni. Yakikua tunayakata, tunawapelekea ng'ombe bandani. Nimelelewa humo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kuokoa ardhi ni hivyo: panda, panda, panda.

Segera, Chalinze, Morogoro. Baada ya Gairo vilima vinakaa mbalimbali, mibuyu inaanza kujitokeza, na vumbi linaingia hata dirisha likifungwa.

Shemeji alinipeleka shambani jioni hiyohiyo, jua likiwa limepoa. "Shemeji," akasema, "miche yako ilikuwa mizuri. Ila ulituletea mvua ikiwa inaaga."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi tuna masika na vuli. Dodoma ina msimu mmoja tu: mvua inashika kwenye Desemba, na Aprili inafunga virago. Mwaka mzima haifiki milimita 600. Miche yangu iliambulia wiki chache za unyevu, kisha ikaachiwa miezi saba ya jua. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kivyake na wa mvua za msimu kivyake, nami nimeusikia redioni tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza kwa nini wanautenganisha.

Akanionyesha kijichaka kilichonifika magotini, mimi ningekifyeka. "Huu ni mti," akasema. Ulikatwa zamani kwa mkaa, lakini mizizi haikufa. Iko chini kabisa, inakunywa ambako mche wa kitalu haufiki. Kila mwaka kisiki kinachipua, na kila mwaka mbuzi wanarudisha nyuma. Kazi ni kuchagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, kupogoa mengine, kufunga kitambaa ili mpita njia ajue kina mwenyewe, na kukilinda. Wanakiita kisiki hai. Njia hii ilishika kasi Niger miaka ya 1980, Mwaustralia Tony Rinaudo alipogundua kwamba jangwa alilokuwa akipandia miche inayokufa lilikuwa na msitu mzima chini ya miguu yake. Shambani kwa shemeji, kisiki kilichotunzwa miaka minne tayari kimenipita kimo. Hakuna aliyekimwagilia hata kopo moja.

Nikiwa pale nikalikumbuka agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Nia yake naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini hesabu ni ileile, Lushoto na Chamwino. Shemeji amefufua visiki zaidi ya 100 na hajapanda hata mche mmoja. Yeye anaandikwa wapi?

Siku ya tatu nikapanda basi la Shinyanga. Singida, mteremko wa Sekenke, bonde la Wembere lililokauka likapasuka, Igunga, Nzega, Tinde.

Rafiki yangu alinipeleka kwa baba yake mdogo, mzee mwenye ngitili. Usukumani ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza: nyasi zinaachwa ziote, miti ijirudie, kisha kiangazi kikikaza linafunguliwa kidogo kidogo. Desturi hii ilikaribia kufa. Wakoloni walifyeka misitu kuua mbung'o, pamba ikadai mashamba, na uhamisho wa vijijini wa miaka ya 1970 ukawaacha watu mbali na ngitili zao. Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliokubali kujenga juu ya kile ambacho Wasukuma walikuwa nacho. Kutoka hekta 600 hivi, ngitili zikafika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati anashtakiwa dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, na faini yake hailipiki kwa utani.

Sikuona uzio. Upande mmoja wa njia ardhi ilikuwa tupu, nyekundu. Upande wa pili nyasi zilifika kiunoni, migunga imesimama, ndege wanapiga kelele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu milimani kiangazi mnachungia wapi?"

Nikamweleza habari za miraba, jinsi tunavyokata majani na kuyabeba kichwani hadi bandani.

"Una ng'ombe wangapi?"

"Wawili, baba."

Akawatazama wake wakiingia ngitili, mstari usiokwisha, vumbi limewafunika migongo. "Mimi hawa," akasema, "ningewabebea kichwani kwa nani?"