Hela ya bwawa la majitaka niliikuta kwenye bomba la maji

Nilipokabidhiwa hesabu za kiwanda kidogo cha minofu ya sangara kando ya ziwa, hapa Mwanza, fungu la mazingira lilikuwa limeandikwa katika bajeti miaka mitatu mfululizo bila kutumika hata mara moja. Halikuwa suala la nia mbaya. Wakala wa samaki hutaka fedha taslimu mwaloni alfajiri, ilhali mnunuzi wa Ulaya hulipa majuma kadhaa baada ya mzigo kufika. Kwa hiyo mtaji wetu ulikuwa safarini muda wote, na samaki walipoadimika kila shilingi iliyobaki ilikwenda kutafuta sangara. Mnunuzi huyohuyo hututumia dodoso refu kuhusu mazingira, ila bei ya kilo haibadiliki.

Nilipeleka benki michoro ya mabwawa ya kusafishia majitaka. Ofisa mikopo, kijana mwenye adabu, aliuliza swali moja tu: "Mama, mabwawa haya yataingiza shilingi ngapi kwa mwezi?" Nikakunja michoro yangu.

Swali lile liliniudhi njia nzima, lakini ndilo lililonirudisha kwenye bili za maji na umeme. Katika ukumbi wa kukatia minofu tulikuwa tukisukuma ngozi, mafuta na vipande vya nyama kwa mpira wa maji hadi mtaroni, yaani tunalipia maji, kisha tunayachafua kwa mabaki ambayo watengenezaji wa chakula cha kuku wangeyanunua. Msimamizi wa zamu, aliyekuwapo tangu kabla ya Umoja wa Ulaya kuzuia samaki wa ziwa hili mwaka 1999, alinicheka: "Mwanangu, kwani nyumbani makombo unayafagia kwa maji?" Tukanunua mifagio ya mpira, makoleo ya plastiki, vichujio vya mtaroni na koki za kubana mwishoni mwa mipira, vyote kwa fedha pungufu ya manunuzi ya samaki ya siku moja. Sakafu ikawa inakwanguliwa kwanza, ndipo ioshwe.

Umeme ulifuata. TANESCO, shirika la umeme, haitozi viwanda uniti peke yake, bali pia kiwango cha juu kabisa cha kVA, yaani mzigo wa umeme unaovutwa kwa wakati mmoja, kilichofikiwa katika mwezi, kwa hiyo fundi wetu alifunga kapasita, vifaa vinavyopunguza mzigo huo, na kuacha kuwasha kompresa zote za ubaridi kwa pamoja.

Kazi ngumu ilikuwa kulinda kilichookolewa. Nilimwomba mkurugenzi akaunti ya peke yake kwa fedha hiyo, yenye saini mbili; alikataa mara mbili kabla ya kukubali. Msimu mbaya uliofuata aliniomba "kukopa kidogo" humo, nikasaini, na fedha ilichukua miezi mitano kurudi. Nisingesaini tena.

Baada ya miaka miwili tulijenga mtego wa zege wa kunasa mafuta ya majitaka, kisha bwawa la kwanza. La pili bado ni vigingi vinne ardhini, na mlinzi hufungia mbuzi wake hapo.