Chai ya Tangu Jana

Kosa letu la kwanza lilikuwa kwenda Jumamosi. Kasisi hakuwa na siku nyingine, na mimi, katibu wa baraza la kanisa, niliyepaswa kulikumbuka hilo kabla ya mtu yeyote, nikaandika tarehe 11 Oktoba 2014 kwenye shajara bila kuwaza. Tulikuwa watatu: kasisi, mimi, na mama mmoja wa miaka 80 na ushei ambaye kanisa zima tulimwita Nyanya. Tulishuka matatu Mtopanga, hapa Mombasa, tukashika kichochoro kuelekea kwa mtu aliyekuwa mwalimu wetu wa kwaya kwa miaka 11.

Miezi minne nyuma Mwalimu alikuwa amerudisha funguo za stoo ya kinanda pamoja na barua ya mistari mitatu. Hakuondoka peke yake. Familia tano zilimfuata, na karibu waimbaji wote wa sauti ya nne, ile besi. Walikuwa wakikutana nyumbani kwake kila Sabato kuisoma Torati, na ilisemekana wanafuata mafundisho ya video za walimu wa Marekani.

Hapa niseme jambo, maana wengi hulichanganya. Sabato yenyewe haikututisha. Mke wangu ni wa Kisii, wakwe zangu wote ni Wasabato, na nimekula kwao Jumamosi mchana mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wao Yesu wanaye. Hofu ya baraza ilikuwa huko mbele: leo Sabato, kesho vyakula, keshokutwa sikukuu, kisha tohara, na mwisho mtu anauliza, kwani huyu Masihi tunamhitaji wa nini?

Njiani kasisi, aliyesomea Uganda, alitusimulia habari za Semei Kakungulu ili kutuonyesha njia hiyo inakofikia. Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda. Akauacha Uanglikana akaingia kwa Bamalaki, walioshika Sabato na kukataa dawa za hospitali. Mwaka 1919, kwa kuisoma Torati, akajitahiri pamoja na wanawe. Bamalaki wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu, basi mimi ni Myahudi. Agano Jipya likawekwa kando. Yeye alifariki mwaka 1928, na watu wake, Abayudaya, wako Mbale hadi leo. Kasisi aliisimulia kama onyo. Mimi, Mungu anisamehe, nilimpenda huyo Kakungulu.

Tulimkuta Mwalimu uani, ndani ya kibanda cha miti na matawi mabichi ya mnazi. Ilikuwa Sikukuu ya Vibanda, ile ya Walawi 23, na watoto walikuwa wamelala humo tangu Jumatano. Alikuwa amevaa shati jeupe, na kwenye pembe zake nne vilining'inia vishada vyenye uzi wa samawi. Niliutazama uzi ule nikaujua: nailoni ya kutengenezea nyavu, wanayouza karibu na ufuo.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Ni kweli alikonda. Mtu huyu kila Alhamisi baada ya mazoezi alikuwa akitupeleka stejini kunywa supu ya pweza, vikombe viwili viwili. Pweza hana mapezi wala magamba, kwa hiyo hayumo tena. Jirani yake Mwislamu alimwambia, naye Mwalimu mwenyewe alitusimulia akicheka, kwamba kwenye nguruwe sasa wamekuwa kitu kimoja, lakini kwenye pweza amepotea njia.

Mkewe akatuletea chai. Ilikuwa ya chupa, imepikwa Ijumaa kabla jua halijazama, maana Sabato hawawashi moto. Ilikuwa vuguvugu na imefanya utando. Nyanya aliinywa yote.

Mabishano yalianza na jina. Mwalimu alisema hatamki tena "Yesu", kwa kuwa limetokana na Zeu, mungu wa Wayunani. Yeye husema Yahushua. Hapo kasisi alikuwa nyumbani. Alimweleza kwamba Wayahudi wenyewe walipoyatafsiri Maandiko yao kwa Kiyunani, zaidi ya miaka 100 kabla Bwana hajazaliwa, jina la Yoshua mwana wa Nuni waliliandika Iesous. Ni jina lile lile. Halikutoka kwa Zeu, lilitoka mdomoni mwa Wayahudi. Mwalimu alitulia kidogo, akasema hiyo ni elimu ya vyuo.

Kasisi, kwa kuonja ushindi, akaenda mbio kwenye Matendo 15: mitume walikaa Yerusalemu wakaamua watu wa Mataifa wasitwishwe Torati, ila mambo manne tu. Mwalimu hakufungua hata Biblia. Alisema, soma mstari wa 21, Musa anasomwa kila Sabato katika masinagogi. Yale manne yalikuwa ya kuanzia, mengine wangejifunza Sabato kwa Sabato. Nilimtazama kasisi. Nilijua kuna jibu, lakini siku hiyo halikuja.

Ndipo Mwalimu akanigeukia mimi.

"Katibu, nililiuliza hili barazani. Mathayo 5:17, kwamba Masihi hakuja kuitangua torati. Unakumbuka mliniambia nini?"

Nilikumbuka. Lilikuwa agenda ya mwisho, saa ya chakula imepita, na mzee mmoja alisema maswali mengine ni ya kumpotezea mtu imani. Usiku ule nilipofika nyumbani nililifungua daftari. Mwandiko wangu, wino wa bluu: "Mwalimu wa kwaya aliuliza kuhusu torati. Suala liliahirishwa." Nikapekua mikutano yote iliyofuata. Halikurudishwa kamwe.

Kibandani sikuwa na la kusema. Aliyesema ni Nyanya. Alimwomba Mwalimu asome ile ile Matendo 15, lakini mstari wa 10. Akasoma: "Basi sasa mbona mnamjaribu Mungu, na kuweka kongwa juu ya shingo za wanafunzi..."

"Hapo hapo. Kongwa unalijua?"

Nyanya ni mzaliwa wa Frere Town. Mama wa bibi yake alitolewa upande wa Nyasa akiwa msichana mdogo. Jahazi lilipokamatwa na Waingereza akateremshwa Mombasa, kwenye kijiji ambacho CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kengele yao bado ipo pale Kengeleni, magari yanaipita kutwa. Sote tulidhani tunazijua hadithi za Nyanya, lakini hii ya kongwa, ule mti wa panda waliofungwa watumwa shingoni, sikuwahi kuisikia. Alichukua tawi la mnazi, akalipasua panda, akalishika shingoni mwake. Akasema bibi huyo hadi uzeeni hakuweza kulala chali, na hakuvaa ushanga hata siku ya harusi yake. Chochote cha kuzunguka shingo alikitoa.

Mwalimu alimsikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwa upole, "Nyanya, Torati walipewa wakiwa wameshatoka Misri. Mungu hawezi kumtoa mtu utumwani amvike kongwa."

Nilidhani yameishia hapo, maana lilikuwa jibu zuri. Nyanya akaweka tawi chini.

"Mama mkweo alizikwa siku gani?"

Hakuna aliyejibu. Sote tulijua. Alizikwa Wundanyi, Jumamosi moja ya Agosti, kama wanavyozikwa watu wengi Kenya hii. Mwalimu alisafiri Ijumaa, lakini saa ya mazishi alibaki nyumba ya jirani na Biblia yake. Hakushika jeneza, wala hakutia udongo. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, alirudi ndani. Tulisikia kikombe kikiwekwa sinki, kisha kimya kirefu. Mwalimu alikuwa akikizungusha kishada kidoleni, akikizungusha tu.

Kasisi aliomba sala fupi. Mwalimu aliitikia "amina" kwa sauti yake ile nzito.

Alitusindikiza. Nyanya alimshika mkono, wakatembea pole pole mbele yetu bila kuzungumza, hadi kwenye mwarobaini mmoja karibu na kisima. Hapo akasimama. Alikuwa ameupima mwendo wa Sabato, umbali ambao mtu asiupite siku hiyo, na mpaka ulikuwa ule mti. Steji ilionekana, makondakta walikuwa wakiita abiria.

"Ndiyo mwisho?" Nyanya akamwuliza.

"Ndiyo mwisho, Nyanya."

Nikampokea Nyanya mkono. Tulipopiga hatua chache Mwalimu akaniita.

"Krismasi mnaimba nini?"

Nikamtajia.

"Ule una sauti ya nne ngumu."

"Sauti ya nne unayo wewe," nikamwambia.

Alicheka, mara ya kwanza siku ile. Kisha akasema ya tatu basi wasiikimbize, wahesabu nne kabla ya kuingia, na akanihesabia pale pale chini ya mti kwa kidole, mara mbili, mpaka nikashika.